Bakhita Alisema Hapana

Napenda riwaya za mapenzi na visa vya kusisimua ambazo waandishi Wakristo hutunga kuhusu biashara haramu ya binadamu. Binti anatekwa, kijana mcha Mungu anamtafuta usiku na mchana, mlango unavunjwa, na mwishowe wawili hao wanafunga ndoa kanisani. Zinakumbusha kwamba anayempenda mtu hamfanyi bidhaa.

Hata hivyo, kila tarehe 8 Februari, Kanisa linapowaombea waathirika wa biashara hiyo, namtafakari Mtakatifu Yosefina Bakhita. Katika kisa chake hakuna mlango uliovunjwa. Alitekwa akiwa mtoto huko Darfur, akauzwa mara kadhaa, akafikishwa Italia mwaka 1885. Mama aliyekuwa akimtumikia alipotaka kuondoka naye kurudi Sudan, Bakhita, aliyekuwa akifundishwa imani na masista Wakanosa mjini Venezia, alikataa. Masista wakasimama naye. Mwaka 1889 mahakama ikatamka kuwa yeye ni mtu huru, na mwaka uliofuata akabatizwa.

Ndugu msomaji, hata parokiani kwetu mabinti huahidiwa kazi za ndani ng'ambo, mara nyingine na mtu wanayemfahamu vizuri. Kabla ya kumwombea safari njema, jumuiya ndogondogo na imuulize: mkataba uko wapi? Pasipoti atashika nani? Na akisema hapana, hata kama nauli imeshalipwa, asikose wa kusimama naye.