Pikipiki Iliyogoma Machakos: Anza na Usukani

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa kisha ukakata kushoto pale Kyumbi, msomaji, si mwendo mrefu kabla ya vilima vya Machakos kukulaki. Mji huu ni mkongwe kuliko Nairobi. Jina lake latokana na Masaku, mzee mashuhuri wa Wakamba, na Waingereza waliufanya makao ya utawala wao hadi reli ilipoupita kando. Mnamo 1899 makao hayo yakahamishiwa Nairobi. Reli ikaenda zake, Machakos ikabaki na barabara zake za kupanda na kushuka. Siku hizi mwenye barabara hizo ni mhudumu wa bodaboda.

Ukitaka kuyajua maisha ya mji huu, wapitie mafundi wa jua kali asubuhi na mapema. Hutakosa kumkuta kijana aliyeketi juu ya jiwe, kofia ya chuma mapajani, akiitazama pikipiki yake kama mtu anayemtazama mgonjwa. Jana usukani wake uliokuwa umepinda ulibadilishwa. Leo anapiga kiki hadi jasho linamtoka, lakini injini kimya. Abiria wanapita. Mwenye pikipiki anangoja hesabu yake jioni, na nyumbani watoto wanangoja unga.

Hapo ndipo ushauri humiminika kama mvua ya masika. "Bwana fundi, fungua kabureta!" "Kaka, hiyo ni pistoni, usijidanganye!" Naam, mdomo hauna ushuru. Kumbe jambo lenyewe ni dogo. Chombo kilichofika kikinguruma hakikupatwa na ugonjwa wa pistoni kwa sababu ya kubadilishiwa usukani. Kasoro aghalabu iko pale ambapo spana ilipita mwisho. Kabla hujakubali injini ifunguliwe na kulipia usilodaiwa, fuata utaratibu huu.

Kwanza, washa ufunguo utazame taa ya nyutro. Isipowaka, na taa nyingine nazo zimelala, angalia betri na fyuzi. Pengine waya wa betri haukurudishwa au haukukazwa. Fyuzi ikiwa imeungua, tia nyingine ya kipimo kile kile. Usitie kipande cha waya wala karatasi ya sigara! Fyuzi iliungua kwa sababu fulani, na ukiinyima nafasi ya kukulinda, nyaya zote zaweza kuungua chini ya tangi.

Pili, ikiwa taa zinawaka lakini stata haitoi sauti, tazama chini ya mkono wa klachi. Pikipiki nyingi zina kiswichi kidogo hapo, na stata haizunguki mpaka gia iwe nyutro au klachi ishikwe. Nyaya zake mbili nyembamba huchomoka upesi usukani unapotolewa, na fundi mwenye haraka husahau kuzirudisha.

Tatu, ikiwa stata inazunguka au kiki inakwenda lakini injini haishiki, geukia swichi nyekundu ya kuzimia iliyo upande wa kulia. Huenda iliguswa na mkono wa fundi ikabaki imezima. Usicheke, msomaji, watu wamesukuma pikipiki kilomita nzima kwa ajili ya kitufe hicho. Tena kama tangi lilinyanyuliwa, hakikisha vali ya petroli imefunguliwa na kofia ya plagi imekaa sawasawa.

Ikiwa hayo yote ni sawa, chunguza nyaya zenyewe. Kisanduku cha swichi huwa na pini ndogo inayoingia katika tundu la usukani. Usukani mpya usipokuwa na tundu hilo, kisanduku hulazimishwa kwa skrubu, na waya hubanwa katikati. Katika pikipiki nyingi ndogo, swichi ya kuzimia huua cheche kwa kuugusisha waya wake na chuma cha pikipiki. Kwa hiyo waya huo ukichunika ngozi na kugusa usukani, injini huzimwa hata kama swichi imewashwa. Fundi aweza kuuchomoa kwa muda ajaribu kiki. Injini ikishika, mwizi kapatikana: waya utengenezwe, ufungwe utepe, urudishwe mahali pake. Pikipiki nyingine hufanya kinyume, swichi ndiyo inayopitisha umeme, na waya ukikatika cheche haiji.

Machakos yenyewe ina somo juu ya jambo hili. Kilomita chache kutoka mjini, pale Kyamwilu, watu humiminika kuona gari lililozimwa likijiviringisha kama linapanda mlima, na maji yakimwagwa yaonekane yakikimbilia juu. Wenye elimu ya maumbile wanasema ni umbo la ardhi inayouzunguka mteremko ule linalodanganya macho. Ndivyo na pikipiki iliyogoma. Jicho linakimbilia injini kwa kuwa ndiyo kubwa, ilhali kasoro iko kwenye waya mwembamba kuliko njiti ya kiberiti.

Fauka ya hayo, jihadhari na anayenyoosha au kuunga usukani kwa umeme wa kuchomelea. Pikipiki ichomelewapo betri ikiwa imeunganishwa, umeme huo waweza kuua kisanduku kidogo kinachotoa amri ya cheche. Hapo waya hazina kosa, na utalipa bei ya kifaa kipya. Betri ichomolewe kwanza, au usukani utolewe kabisa. Tena usukani uliopinda sana haufai kuungwa. Ukikatika njiani, hakuna breki itakayokuokoa.

Injini ikishika, usishangilie bado wala usimwite abiria. Pikipiki ikiwa imesimama nyutro na injini inanguruma, zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Injini ikizima, kuna waya unaovutwa au kubanwa shingoni. Ikipandisha mngurumo wenyewe, kebo ya mafuta ni fupi au imepitishwa vibaya. Hakikisha pia kwamba mpira wa breki ya mbele, kama upo, haukazwi, na kwamba mkono wa mafuta ukiachiliwa unarudi wenyewe.

Jaribio hilo halichukui dakika mbili, lakini ndilo linaloamua mengi. Pikipiki ikigoma mjini, umepoteza asubuhi moja. Ikizima au ikijiongezea mwendo kwenye kona ukiteremka vilima vya Mua au Iveti, nyuma umempakia mama na mtoto mgongoni, hilo si suala la hesabu ya jioni tena.

Kwa hiyo, ndugu mhudumu, usiondoke kwa fundi kabla ya kuzungusha usukani huo mbele ya macho yake. Nawe abiria, ukiona dereva wako anafanya hivyo asubuhi, usimwambie anakuchelewesha.