Kamba ya Shangazi

Juni 2019, serikali iliporudisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, mwaka mmoja tu baada ya kuifuta, kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka, niliandika habari ile nikiwa mezani kwangu Dar es Salaam. Waziri alikuwemo, wafanyabiashara walikuwemo. Mwanamke anayeingia hedhi hakuwemo hata mmoja. Na mimi siku hiyo nilikuwa kwenye siku zangu!

Basi niliposikia kuna kina mama Muheza wanaokutana kila Jumamosi kushona pedi za kufua, nikafunga safari. Nilikuta uani pametandikwa mkeka, na cherehani mbili za kukanyaga. Nikaamkia, nikawasha simu irekodi, nikauliza swali la kwanza. Kimya. Mwenye nyumba, ambaye wote wanamwita Shangazi, akanitazama kwa juu ya miwani.

"Mwanangu, zima hiyo simu. Chukua mkasi."

Nikapewa kazi ya wasiojua kazi: kukata flaneli kwa kufuata kipande cha boksi. Tabaka za flaneli juu, kitambaa kisichopitisha maji chini, vifungo vya kubonyeza kwenye mabawa. Nilikata upogo. Binti wa darasa la saba akaninyang'anya mkasi akanionyesha, watu wakacheka, na baada ya kicheko kile maneno yakaanza kutoka yenyewe. Mikono ikiwa na kazi, hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake machoni.

Shangazi akaeleza namna ya kutunza. Loweka kwenye maji ya baridi, maana ya moto hugandisha doa. Fua kwa sabuni, suuza, anika juani mpaka ikauke kabisa.

"Juani wapi?" akauliza mama mmoja kijana. "Uani kwetu kuna mashemeji. Kuna baba mkwe."

Cherehani zikasimama. Kumbe karibu wote walikuwa wanaanika chini ya kitanda, au kwenye kamba lakini wakifunika na kanga. Hazikauki vizuri, zinanuka, zinawasha. Nikajikuta nasema jambo ambalo sijawahi kulitamka: mama yangu alinionyesha mahali pa kuanikia mara moja tu, nyuma ya kabati, na hatukulizungumzia tena. Nina digrii ya uandishi wa habari, jamani, na vitambaa vyangu havikuwahi kuliona jua.

Hakuna aliyenipa pole. Shangazi aliinuka, akafunga kamba kutoka kwenye mwembe hadi nguzo ya jikoni. "Asiye na jua kwake, alete hapa."

Nilirudi miezi mitatu baadaye. Kamba ilikuwa imejaa pedi za maua na za mistari, na watoto wanapita chini yake wakikimbiza tairi bila hata kutazama juu. Yule mama kijana huleta zake asubuhi kwenye beseni, huzifuata jioni. Nilimuuliza kama kwao wameshajua.

"Bado, dada. Lakini hapa nakaa nangoja zikauke, napiga soga. Zamani nilikuwa nangoja peke yangu."

Siku ile nilianika yangu pia, ile niliyoikata upogo.