Mota Iliyokufa kwa Kukaa

Gari langu ni Peugeot 504, aina ile iliyoshinda mbio za magari za Safari nchini Kenya mwaka 1975 na tena 1978. Nililinunua nikiwa bado mwalimu mkuu. Sasa sote wawili tumestaafu, tunakaa Tegeta.

Masika moja, nikiwa na mjukuu wangu, mvua ilitukuta Barabara ya Bagamoyo tukitokea Mwenge. Waipa zilipanda hadi katikati ya kioo, zikasimama. Mtu mwenye busara angeegesha gari. Mimi nilijiambia kwamba njia hii naijua hata nikifumba macho, nikaendelea. Mjukuu ndiye aliyepiga kelele: "Babu, baiskeli!" Nilikanyaga breki, gari likaserereka, likasimama hatua moja tu nyuma ya mtu. Hakusema neno. Alinitazama, kisha akaenda zake. Mtazamo ule ninao hadi leo.

Nilimwendea kijana mmoja, fundi umeme wa magari, nikidhani kaboni zimelika. Akaifungua mota mbele yangu. Kaboni zilikuwa nzima. Ila grisi ya kwenye gia ilikuwa imekauka kama sabuni kuukuu, na shaba inayoguswa na kaboni ilikuwa imefunikwa na kutu ya kijani.

"Mwalimu," akasema, "hii haikuchoka kwa kazi. Imekaa mno."

Tangu hapo kazi hiyo naifanya mwenyewe kila mwaka kabla ya masika. Natoa waya wa betri, naweka alama mahali mkono wa mota ulipokaa, ndipo nafungua. Grisi ya zamani naiosha kwa petroli, nje, mbali na moto. Shaba naipitisha msasa laini. Grisi mpya naweka kidogo, isifike kwenye kaboni. Kisha kila Jumamosi, kiangazi kizima, namwagia kioo maji na kuziendesha waipa dakika 2. Maji ni lazima, maana vumbi kavu hukwaruza kioo.

Majirani hucheka: mzee anapangusa mvua isiyokuwapo. Wacheke. Chuo cha ualimu kilinifundisha kwamba haingiwi darasani bila andalio la somo, nami niliwakaripia walimu wengi waliopuuza jambo hilo. Siku ile barabarani niliingia bila andalio, na nusura mtu mwingine aadhibiwe kwa kosa langu.