Vumbi la Breki pale Mombo

Magari yaliyotoka Lushoto yalijulikana kwa harufu kabla hayajaonekana. Mwaka 1982, mvulana wa miaka kumi na miwili aliyekuwa akilelewa na mjomba wake, fundi wa magari pale Mombo, alikuwa ameshaizoea harufu ile: kama nywele zinazoungua karibu na pipa la lami. Ikimfikia tu aliacha alichokuwa akifanya, akaenda kuburuta jeki. Haukupita muda Land Rover ikatokeza barabarani, moshi ukifuka magurudumu ya mbele, dereva amekakamaa kwenye usukani na shati limelowa mgongoni.

"Msimwagie maji!" mjomba alipiga kelele, hata siku ambazo hakuna aliyeshika ndoo. Dramu ya breki ni chuma cha kusubu, na chuma hicho kikiwa moto kikapata maji ya baridi hupasuka. Dereva akapewa kigoda na chai ya rangi. Gari likaachwa lipoe lenyewe.

Anayeijua barabara ile hatashangaa. Kutoka Lushoto hadi Mombo kupitia Soni ni kilomita 30 na ushee za kona juu ya kona, na katika kilomita hizo gari hushuka karibu mita 1,000. Gari la kilo 2,000 likishuka kimo hicho hutoa nishati inayotosha kuchemsha maji ya lita 60 hivi. Upepo huchukua sehemu yake, na injini huchukua yake ikiwa dereva ana akili ya kushuka na gia namba mbili. Inayobaki yote hugeuzwa moto na vipande vichache vya lainingi visivyozidi upana wa kiganja.

Land Rover za Series III zilikuwa na dramu magurudumu yote manne. Ndani ya kila dramu kuna viatu viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga, na juu ya kila kiatu hupigwa lainingi kwa ribiti za shaba. Ukikanyaga pedali viatu hutanuka, lainingi ikajisugua kwenye dramu. Kazi ya mvulana ilikuwa kushikilia ribiti wakati mjomba anazigonga, kisha kupiga tupa kingo za lainingi mpya ili breki zisipige kelele. Mjomba alijiwekea kazi ya kusafisha: alifungua dramu, akainama, akapuliza kwa mdomo. Vumbi jepesi la kijivu likapanda kama unga kinuni, likatua kwenye kope zao na kwenye vikombe vya chai. Gereji ilipopata kompresa baadaye, waliona wameendelea kimaisha. Kompresa ilirusha vumbi lile mpaka kwa mama muuza vitumbua upande wa pili wa barabara.

Lilikuwa vumbi la asbestosi. Katika pakiti alizowahi kuzifungua mvulana hakuona hata moja yenye neno la kumtahadharisha.

Ilimchukua miaka mingi, akiwa fundi mwenyewe, kujua jinsi jiwe lile la nyuzi lilivyoingia kwenye breki. Alipoanza kusoma historia ya lainingi alikuta imeanza kwa ngozi. Agosti 1888 Bertha Benz aliendesha gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim huko Ujerumani akiwa na wanawe wawili. Breki zilikuwa za mbao, na njiani zilipoanza kulika kwenye miteremko alimfuata fundi viatu akamwambia azipigilie ngozi. Miaka tisa baadaye, katika vilima vya Derbyshire nchini Uingereza, Herbert Frood aliwaona waendesha mikokoteni ya farasi wakipigilia viatu vikuukuu kwenye breki zao za mbao. Akafikiria kitu bora zaidi: kitambaa cha pamba kilichoshindiliwa gundi. Kampuni yake ndiyo iliyokuja kuitwa Ferodo, jina lililotokana na herufi za jina lake mwenyewe. Pamba ilishika vizuri, lakini moto ukizidi iliungua kama pamba yoyote. Mwaka 1908 Frood akageukia asbestosi iliyofumwa pamoja na nyaya za shaba. Haiungui, haikatiki ovyo, na bei yake ilikuwa ndogo. Kwa muda wa miaka 70 na zaidi dunia ikaona hapa pamefika.

Mpwa aliposoma habari za ile pamba alicheka peke yake, kwa kuwa aliwahi kuiona kwa macho yake. Miaka ile baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zilikuwa haba, na spea zilitafutwa kama dawa. Mjomba alichukua lainingi kuukuu za malori, akazikata kwa msumeno, akazipiga upya kwenye viatu vya Land Rover. Siku moja hata hizo hazikupatikana, na dereva mmoja aliapa kwamba lazima apande Lushoto siku hiyohiyo. Mjomba akakata kipande cha mkanda wa mashine wa turubai na mpira uliotoka kwenye kiwanda cha katani. Gari lilipanda salama. Jioni liliporudi, pedali ilikuwa inazama hadi sakafuni na mkanda ulikuwa mkaa. Mjomba aliutazama, akautupa, akamwambia dereva: "Ndugu yangu, nimekukosea. Sitarudia." Hakurudia. Bila kujua, fundi wa Mombo alikuwa amelifanya upya jaribio la Frood na kupata jibu lilelile.

Madhara ya asbestosi yalijulikana mapema sana, na hilo ndilo jambo ambalo mpwa yule hajaweza kulisamehe hadi leo. Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbestosi mjini Rochdale, alifariki mwaka 1924, na mwaka huohuo daktari William Cooke aliandika habari za mapafu yake katika jarida la madaktari wa Uingereza. Mwaka 1930 wakaguzi wa serikali ya nchi hiyo walitoa ripoti juu ya wafanyakazi wengine wengi wa viwanda vya aina hiyo. Uingereza ilipiga marufuku asbestosi nyeupe, ile iliyotumika kwenye breki, mwaka 1999. Marekani ilijaribu mwaka 1989, mahakama ikatengua sehemu kubwa ya katazo hilo mwaka 1991, na katazo la asbestosi nyeupe likaja kutoka mwaka 2024. Ni miaka mia moja kamili tangu kifo cha Kershaw.

Lipo jambo ambalo mafundi wachache huambiwa. Moto wa breki hubadili sehemu kubwa ya asbestosi nyeupe ikawa madini mengine yasiyo na nyuzi zile, kwa hiyo vumbi ndani ya dramu iliyotumika huwa na asbestosi kidogo kuliko mtu angedhani. Lainingi mpya ndiyo yenye nyuzi nzima. Kwa maneno mengine, pale gerejini tupa ya mtoto huenda ilikuwa na hatari kuliko pumzi ya mjomba.

Kisha ikaja ruksa. Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyotumika kutoka Japani yalianza kumiminika, na kufikia miaka ya 1990 Hiace ndizo zilizokuwa zikibeba abiria. Mbele zilikuwa na diski. Breki za aina hiyo zilipata sifa mwaka 1953, Jaguar zilipozitumia kushinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, na sababu yake ni rahisi: diski imekaa wazi upepo unaipiga, wakati dramu hufungia moto ndani. Diski hubanwa na pedi mbili kama vidole viwili vinavyobana sarafu.

Kwa kijana, ambaye sasa alikuwa na mikono yenye makovu yake mwenyewe, badiliko kubwa lilikuwa rangi ya vumbi. Lile la kijivu lilipungua. Rimu zikaanza kuwa nyeusi, zenye chembe za kutu zisizotoka kwa sabuni. Pedi zilikuwa zinatengenezwa kwa chuma.

Watengenezaji walipoikimbia asbestosi walitawanyika njia mbili. Wa kwanza walichanganya gundi, mpira, nyuzi za kioo na nyuzi za aramidi, jamaa ya ule uzi mkali wa Kevlar uliogunduliwa na Stephanie Kwolek mwaka 1965. Pedi hizo mafundi huziita za ogani. Ni kimya, hazili diski, na asubuhi hushika mara moja. Wa pili walijaza chuma, kuanzia theluthi ya uzito hadi karibu theluthi mbili: nyuzi za chuma kama stili wuli ya kusugulia masufuria, unga wa chuma, shaba na grafati. Hizo huvumilia moto mwingi zaidi. Lakini hupiga mluzi, hutafuna diski, zikiwa za baridi baadhi hukawia kushika, na kwa kuwa chuma hupitisha joto, huusafirisha moto hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta yaliyozeeka na kuingiwa maji huchemka mapema, na yakichemka pedali huzama.

Hukumu ya mjomba haikuhitaji kitabu. Gari la kuzunguka Tanga mjini alilifunga pedi za ogani. Gari la Lushoto alilifunga za chuma, akalibadilisha mafuta ya breki hata kama mwenyewe amelalamika, na akamwambia mwenye gari anunue diski mapema. "Diski utanunua nyingine," alisema. "Kona ya Soni haina nyingine." Katika miaka yote ya kazi yake, mpwa hajaona sababu ya kuipinga hukumu ile.

Mjomba pia ndiye aliyemfundisha kusoma ubavu wa pedi. Nyingi huchapwa herufi mbili mwishoni mwa namba zake. Ya kwanza hueleza mkwaruzo pedi ikiwa ya baridi, ya pili ikiwa ya moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F huanzia hapo hadi 0.45, G hadi 0.55. Pedi ya FE hupoteza nguvu ikipata moto, ya FF hubaki palepale. Herufi hizo hazisemi lolote kuhusu kudumu wala ubora, lakini kwa mtu anayeshuka mlima herufi ya pili ni ya kuangaliwa kabla ya bei.

Siku hizi neno linalouza ni kauri, au seramiki kama lisemwavyo madukani. Wajapani walianza kuziendeleza pedi hizi miaka ya 1980, zikiwa na nyuzi za madini ya aina ya kauri na, kwa miaka mingi, shaba ya kusaidia kutawanya joto. Kwa gari dogo la kawaida ni pedi nzuri kwelikweli: hazipigi kelele, hudumu, na vumbi lake ni jepesi na halichafui rimu. Kwa Hiace iliyojaa abiria na magunia ya karoti kutoka Lushoto, mpwa bado anachagua za chuma. Kuna watu huzichanganya na diski za kaboni na kauri za magari ya kifahari. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na bei zake hazifanani hata kidogo.

Boksi lenyewe si la kuaminiwa. Aliwahi kuletewa pedi zilizoandikwa seramiki kwa herufi za dhahabu. Alikwangua kidogo kwa tupa, nje, kitambaa kikiwa puani, akakusanya unga juu ya karatasi na kupitisha sumaku chini yake. Unga wote ukasimama kama manyoya ya paka aliyeogopa. Ilikuwa pedi ya chuma iliyopakwa rangi. Hiyo angalau ingefunga breki; mbaya zaidi ni zile alizozikuta kwenye gari jingine, nyama ya pedi ikiwa imebanduka kwenye bati lake, na kilichokuwa kikibana diski ni bati tupu.

Shaba nayo imepata kesi yake. Mvua huosha vumbi la breki barabarani na kulipeleka mitoni, na kiasi kidogo sana cha shaba iliyoyeyuka majini huharibu uwezo wa samaki aina ya salmoni kunusa, hata asimhisi adui aliye karibu. Mwaka 2010 majimbo ya Washington na California yalipitisha sheria za kuiondoa. California iliweka kikomo cha asilimia 5 kuanzia 2021 na asilimia 0.5 kuanzia 2025. Ulaya nayo, katika kanuni zake za Euro 7 za mwaka 2024, imeweka kwa mara ya kwanza mipaka ya vumbi la breki lenyewe: kwa magari mengi madogo, miligramu 7 kwa kila kilomita. Watafiti wanaendelea kutafuta nyuzi mbadala, na miongoni mwa walizojaribu ni katani. Mpwa alipolisikia hilo alitoka nje akatazama upande wa Korogwe, ambako mashamba ya katani yamepakana na barabara kwa kilomita na kilomita.

Mjomba amepita miaka themanini sasa. Ana kikohozi ambacho daktari hajakipa jina moja, na sigara alivuta pia, kwa hiyo mpwa hamsingizii mtu. Alasiri hukaa kwenye benchi la gereji, ambayo bado iko palepale. Mwezi uliopita alimtazama mwanafunzi wa gereji akichovya kitambaa kwenye ndoo ya maji ya sabuni na kupangusa kalipa ya breki iliyopoa.

"Mbona mnaiosha kama sahani ya pilau?" akauliza.

"Ili vumbi lisiruke, mjomba."

Mzee alinyamaza. Wakati huo Hiace ya Lushoto ikaingia, kimya, bila moshi wala harufu. Aliinuka polepole kwa fimbo yake, akaisogelea, akaweka kiganja karibu na rimu ya mbele pasipo kuigusa, akakiacha pale kitambo.

"Huyu kijana," akasema akimgeukia dereva, "ameshuka na gia."