Safu moja ilivyonidanganya

Jumamosi ligi yetu ya besiboli ya kompyuta inaanza msimu mpya, na bado sina mtu wa uwanja wa nje, upande wa kushoto. Ligi hii huigiza mechi kwa takwimu halisi za Marekani za mwaka 2004.

Wamebaki wawili: Juan Pierre na Adam Dunn. Kiprogramu changu kiliwapanga kwa wastani wa kupiga: Pierre 0.326, Dunn 0.266. Tena Dunn alitolewa kwa straiki mara 195! Msimu uliopita nilichagua hivyo hivyo, kwa safu hiyo moja, tukashika mkia.

Shida ni kwamba wastani huo hauhesabu besi za bure, zile mpigaji hupewa akirushiwa mipira minne mibaya. Dunn alipewa 108. Nikapanga upya kwa kiwango cha kufika besi: Dunn 0.388, Pierre 0.374. Ongeza homurani 46 za Dunn.

Pierre ana mbio, aliiba besi 45, lakini pia alinaswa mara 24. Namchukua Dunn. Programu haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeiuliza swali bovu. Wewe ungemchukua nani?