Je, Habari Hizi Zatosha?

Kila kipimo kina hila yake, na asiyeijua hila hiyo hudhani kuwa amepunjwa na bahati. Wakulima wa Ngara na Biharamulo wanalifahamu jambo hili kuliko wasomi. Mnunuzi mmoja huja na debe lililotunishwa mbavu, likameza kilo zaidi ya desturi. Mwingine hutaka gunia la lumbesa, lililoongezewa kilemba juu ya mdomo, akalilipa bei ya gunia moja. Sheria yasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na mizani ipo. Lakini penye matope na haraka, sheria aghalabu hufika baada ya lori kuondoka.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kazi yangu yote imejengwa juu ya neno sanifu. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa lugha ya vitabu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi yake mwaka 1930, kipimo kimoja kiliwekwa kwa watu wa nchi nyingi. Tangu hapo mtoto wa Kihangaza aliyezaliwa Ngara, na wa Kisubi aliyezaliwa Biharamulo, hupimwa kwa lugha ya kisiwa ambacho huenda asikione maisha yake yote. Sikilaumu kipimo hicho, maana riziki yangu imo ndani yake. Nasema tu kwamba kitu kikiitwa sanifu, yafaa kuuliza kilisanifiwa wapi, na kwa haja ya nani.

Mtihani ninaotaka kuueleza hapa ni sanifu kwa maana hiyo hiyo. Huitwa GMAT, na vyuo vingi vya ng'ambo humtaka aufanye mtu atakaye shahada ya uzamili katika uongozi wa biashara. Asili yake ni mwaka 1953, vyuo tisa vya Marekani, Harvard, Columbia na Chicago vikiwamo, vilipoafikiana kutafuta mtihani mmoja kwa waombaji wao. Ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1954, mwaka ule ule ambao TANU ilizaliwa Dar es Salaam. Jina la sasa ulilipata mwaka 1976. Shida ya vyuo vile ilikuwa shida ya sokoni kabisa. Mwombaji mmoja ana alama nzuri kutoka chuo kigumu, mwingine ana alama nzuri zaidi kutoka chuo chepesi, nani mzito? Walitaka mizani.

Aliyenileta katika habari hizi ni binti wa dada yangu. Dada yangu, mtu wa Ngara kama mimi, aliolewa Biharamulo, na binti huyo hushika vitabu vya hesabu vya chama kimoja cha wakulima huko. Amekua akiona utajiri wa ardhi ukipita mbele yake. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulifunguliwa mwaka 2005 katika wilaya yake, kisha ukapita mikononi mwa kampuni ya serikali, STAMIGOLD. Na kwa upande wa Ngara, nikeli ya Kabanga, iliyojulikana kwa miaka mingi, ilifungiwa mkataba mpya mwaka 2021, serikali ikapewa hisa 16 kwa mia. "Mjomba," aliniambia, "madini ni yetu, lakini anayesoma mahesabu yake hutoka mbali." Akataka nimsaidie kujiandaa. Nikamwambia kwamba mimi sijui biashara. Akanijibu, "Mtihani nao hauulizi biashara."

Alisema kweli. Mtihani wa sasa, uliogeuzwa sura mwishoni mwa mwaka 2023, una sehemu tatu: hesabu, maswali 21, maneno, yaani ufahamu na hoja, maswali 23, na takwimu, maswali 20. Kila sehemu hupewa dakika 45. Hesabu zake hazipiti sana zile za sekondari. Jiometri imeondolewa, insha imeondolewa, na usahihishaji wa sarufi ya Kiingereza, uliowatesa wengi wa kwetu, umeondolewa pia. Kikokotoo huruhusiwa katika takwimu peke yake. Mtu akisikia hayo atadhani mtihani umekuwa mwepesi, na ndivyo alivyodhani mpwa wangu. Alinionyesha daftari nene alilolijaza kanuni, zimeandikwa vizuri, zimepigiwa mistari kwa wino mwekundu. Alikuwa akiusomea mtihani huu kama alivyoisomea mitihani yake yote tangu darasa la kwanza, yaani kwa kukariri; na kukariri kulimfikisha chuo kikuu, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kukushuku.

Katika sehemu ya takwimu limo swali la namna ya pekee, ambalo nadhani ndilo roho ya mtihani mzima. Huulizwa jambo moja, kisha hutolewa habari mbili. Mtahiniwa hatakiwi kutoa jibu la jambo lenyewe. Atakiwa kusema kama habari zatosha kulijibu. Chaguo ni tano: A, habari ya kwanza peke yake yatosha; B, ya pili peke yake yatosha; C, zatosha zikiwa pamoja tu; D, kila moja kwa nafsi yake yatosha; E, hata zikiwa pamoja hazitoshi.

Nilimtungia mfano kwa Kiswahili. Mkulima wa Ngara aliuza kahawa na mahindi. Je, kahawa ilikuwa kilo ngapi? Habari ya kwanza: jumla ya alivyouza ni kilo 300. Habari ya pili: kahawa ilikuwa mara mbili ya mahindi. Alichukua kalamu, akapiga hesabu, akapata kilo 200, akafurahi. Nikamwambia kwamba kilo 200 hazimo katika majibu, na muda alioutumia kuzitafuta umepotea. Jibu ni C, na lilionekana kabla kalamu haijagusa karatasi. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa apike halafu akakatazwa kuonja.

Mfano wa pili ulizua ubishi wa nyumba nzima. Lori limebeba mahindi tu; je, mzigo wake wazidi tani 20? Habari ya kwanza: mzigo ni magunia 150. Habari ya pili: kila gunia lina kilo 100. Kwanza alisema hazitoshi, kwa kuwa mzigo ni tani 15 na jibu ni hapana. Kosa hili ni la wengi: hudhani kutosha ni kupata ndiyo. Kumbe hapana ya yakini ni jibu kamili. Kisichotosha ni labda. Alipolielewa hilo, bibi yake mzaa baba, aliyekuwa akichambua maharage karibu nasi, aliinua uso.

"Mwanangu," aliniuliza, "gunia hilo nani alilipima?"

Nikasema, "Mama, swali limesema ni kilo 100."

"Swali limesema. Mimi nauliza nani alilipima. Magunia ya mahindi yatokayo hapa hayana kilo 100."

Mpwa wangu alicheka, lakini kicheko chake hakikuwa cha dharau, maana katika vitabu vya chama chake ameandika magunia ya namna hiyo mara nyingi. Mzee huyo alikuwa na haki, na kwa haki yake angalishindwa mtihani. Hapa ndipo nilipoanza kuuelewa mtihani wenyewe. Unamtaka mtu avue alichokijua mlangoni, kama viatu, aingie na yale tu aliyopewa. Tabia hiyo ina faida yake. Hakimu huihitaji, na mhasibu pia. Lakini mfanyabiashara wa Biharamulo aliyeizoea kupita kiasi atanunua lumbesa kwa hesabu ya kilo 100, au atauza, na sijui lipi lingekuwa baya zaidi kwa jirani zake.

Nikiwa katika fikara hizo, jibu E lilinikumbusha jambo lisilokuwamo katika kitabu chochote cha mazoezi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia Ngara kwa daraja la Rusumo, na kambi ya Benaco ikawa kubwa kuliko miji mingi ya nchi yetu. Nilikuwa mtoto wa shule. Waliowapokea watu hao walikuwa na maswali ya hesabu za kawaida: maji lita ngapi, chakula tani ngapi, vyoo vingapi? Idadi ilikuwa ya kukadiria, wagonjwa hawakuhesabika, na wenye kuvuka walizidi kuja. Kwa kanuni ya mtihani jibu lilikuwa E. Lakini E haichoti maji. Ilibidi mtu aamue kwa habari zisizotosha, naye ajue kwamba hazitoshi. Nilimweleza mpwa wangu hayo, naye akaniuliza kama kuna mtihani unaopima hilo. Sijausikia.

Katika hoja za maneno, kinyume chake, maisha yake yalimsaidia. Huko hupewa maelezo mafupi, na mtahiniwa hutakiwa kuona nguzo iliyofichwa chini yake. Nilimtungia hoja hii: mwaka huu malori yaliyovuka Rusumo ni mengi kuliko ya mwaka jana, kwa hiyo biashara yetu na Rwanda imekua. Hakuchukua hata nusu dakika. "Lori tupu nalo huhesabiwa lori," alisema, "na mengine yanapita Rwanda yakielekea Kongo." Mtu aliyekaa njia panda ya Lusahunga akitazama magari haambiwi mara mbili.

Kilichomponyoka ni vijineno. Nyumbani amekua na Kisubi cha baba na Kihangaza cha mama, Kiswahili akakisomea shule ya msingi, Kiingereza kikaja sekondari; basi mtihani huu humpima kwa lugha yake ya nne, naye ana dakika mbili kasoro kwa kila swali la maneno. Hapo ualimu wangu ulipata kazi. Tulikaa jioni nzima juu ya tofauti ya sentensi mbili: lori litavuka ikiwa limelipa ushuru, na lori litavuka ikiwa tu limelipa ushuru. Ya kwanza yaahidi kwamba mwenye kulipa atavuka, wala haisemi kitu juu ya asiyelipa. Ya pili yamzuia asiyelipa, wala haimwahidi aliyelipa kwamba atavuka. Alipoishika tofauti hiyo kwa Kiswahili, aliitambua kwa Kiingereza bila taabu. Natamani waalimu wa sekondari wanaokataza Kiswahili darasani wangalikuwapo.

Jambo jingine ni namna mtihani unavyokwenda. Tangu mwaka 1997 hufanywa kwa kompyuta, nayo humfuata mtahiniwa kama mzee ategaye vitendawili: ukitegua, hukutegea kizito zaidi, ukishindwa, hukupunguzia. Kwa hiyo anayefanya vizuri huona mambo yakizidi kuwa magumu, akakata tamaa pale pale anaposhinda. Huruhusiwa kurudi na kubadili majibu matatu tu kwa kila sehemu, na kuacha maswali bila kujibu huumiza alama.

Alama zenyewe ni baina ya 205 na 805, na zote huishia kwa tano. Binamu yake mmoja alimcheka alipotaja lengo la 645, akisema yeye amesikia habari za watu wenye 700. Alikuwa akilinganisha debe na kilo: 645 ya kipimo kipya huwekwa mkabala na 700 ya kile cha zamani. Tena nambari hiyo haina maana pasipo kujua watahiniwa wangapi kwa mia wako chini yako. Ni nafasi katika safu, na safu hiyo imejaa vijana waliolipiwa waalimu wa faragha.

Upande wa fedha sitasema mengi. Ada hupita shilingi nusu milioni, na baba yake aliuza ng'ombe. Mtihani waweza kufanywa nyumbani kwa intaneti, nasi tulilifikiria, umeme ukiwapo. Mitambo ya Rusumo, megawati 80 zigawanywazo sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, imo wilayani Ngara kwetu. Lakini masharti yataka chumba kisichoingiwa na mtu kwa muda wote, kamera ikitazama. Mtu akiingia, mtihani waweza kufutwa. Katika nyumba ya Biharamulo, ambamo jirani hupiga hodi na kuingia kabla hajaitikiwa karibu, na asiyetoka kumsalimu huhesabiwa mgonjwa au mwenye kiburi, sharti hilo ni gumu kuliko hesabu. Ameamua kusafiri.

Daftari la kanuni analo bado, ila sasa kurasa za nyuma zimejaa maswali anayoyatunga mwenyewe, na mengine huniletea kwa simu usiku. La juzi lilikuwa hili. Mwanamke mmoja amelipa ada ya mtihani. Je, atapata nafasi chuoni? Habari ya kwanza: amefanya mazoezi kila siku kwa miezi mitano. Habari ya pili: mjomba wake ni daktari wa falsafa. Nikamjibu, E. Akaniambia kwamba nimepata, na kwamba linalofuata litakuwa gumu zaidi.