KIKOMBE (Sehemu ya 3)

Mama zangu, jana niliahidi kuendelea na habari ya dawa za kila siku, ila kuna mama amenifuata inboksi nikaona nianze na yeye. Mtoto ana miaka minne, ana selimundu. Baba yake anasema mtoto ameshaombewa, foliki na penisilini ziachwe. Mama anauliza, "Nesi, nikikataa si nitaonekana sina imani?"

Sikumjibu haraka. Swali hilo hilo lilinishinda mimi mwaka 2011.

Wengine mlikuwa bado shule ya msingi, ngoja niwakumbushe. Kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alisema Mungu amemwonyesha dawa ndotoni. Mizizi ya mti wa mugariga, inachemshwa, unakunywa kikombe kimoja. Kisukari, presha, saratani, pumu, UKIMWI. Shilingi 500 tu! Waziri na mama muuza mchicha kikombe kile kile, bei ile ile. Ndiyo maana mimi siwezi kuwacheka watu waliokwenda. Ukishauza mbuzi wawili kutibu presha, mzee mpole anayekuomba jero utamwitaje tapeli?

Kufika Machi foleni ya magari ilikuwa ya kilomita na kilomita. Watu walitoka hadi Kenya, wakalala porini siku kadhaa, na wagonjwa wengine wakafia njiani. Halafu wizara ikasema dawa ile ni salama kunywa. Salama kunywa na inaponya ni maneno mawili tofauti kabisa, jamani. Ila huku mtaani yakawa neno moja.

Mama yangu ana kisukari. Ndugu tukachanga nauli, na mimi nesi nikatoa sehemu kubwa kuliko wote. Alirudi amejaa vumbi hadi kwenye kope, anacheka, anasema mwili mwepesi. Hakuna aliyemwambia aache vidonge. Aliacha mwenyewe, akaniambia, "Mwanangu, nikiendelea kumeza si ni kama namwambia Mungu simwamini?"

Nilikuwa na kipimo cha sukari kwenye pochi. Kutoboa kidole ni nusu dakika. Sikumpima. Niliogopa shangazi zangu wataniona nimesoma nikapotea, na kusema kweli niliogopa pia namba nitakayoiona. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Kazini nawapima watu baki kutwa nzima, nyumbani natazama pembeni.

Mwezi wa pili alijikwaa kwenye jiwe la jikoni. Kidonda kidogo, akakipaka mafuta. Alipokuja kunionyesha kilikuwa kinanuka. Sukari 27. Alilazwa siku kumi na tisa na kidole gumba cha mguu kikaondoka.

Wala hakikuwa kisa chetu peke yetu. Kliniki ya CTC tuliwaona waliokuwa wameacha dawa za kufubaza virusi. Wengine walirudi wamekonda, wanaingilia mlango wa nyuma kwa aibu. Na hivyo ndivyo kikombe kilivyoisha, hakukuwa na siku ya tangazo. Foleni ilikatika polepole, watu wakarudi kliniki kimya kimya, hakuna aliyetaka kuulizwa. Babu mwenyewe alifariki Julai 2021.

Sasa wewe mama wa inboksi. Usibishane na baba watoto kuhusu Mungu, hutashinda na wala si hoja. Mwambie hivi: tumwombee, na dawa aendelee, kisha twende wote kliniki akapimwe damu. Nenda naye mwenyewe, akasikie kwa masikio yake. Penisilini ya mtoto wa selimundu chini ya miaka mitano inamkinga na maambukizi yanayoua haraka sana, hata kabla hujapata bodaboda. Akipata homa, macho yakizidi njano, tumbo likivimba upande wa kushoto au akipauka ghafla, usisubiri asubuhi. Na kama dawa zimeshaachwa, rudi tu. Hakuna nesi mwenye akili atakayekufokea, na akikufoka niambie mimi.

Mama yangu yupo, anasoma hizi posti. Jana nimemwomba ruhusa niandike. Amesema sawa, ila niwaambie kwamba kikombe kilikuwa kitamu kidogo, na kwamba alikunywa kwa imani. Halafu akaniuliza vidonge vyake vya jioni nimeviweka wapi.

Naendelea kesho na foliki.